Mkuu wa Shule Alipouza Usagara

Chuoni walitufundisha kwamba mwanafunzi akikaa kusikiliza tu, kesho yake kasahau. Mpe igizo dhima, hatasahau. Nakubali. Hata mimi sijasahau.

Nilikuwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, wiki ya tatu, na mkufunzi wangu kaketi dawati la nyuma na fomu yake ya tathmini. Mada ilikuwa Mkutano wa Berlin, ule wa wakubwa kugawana Afrika, Kidato cha Tatu. Darasa lina wanafunzi 62. Mataifa yaliyokaa Berlin yalikuwa 14, basi nikachagua 14, nikawazungusha kwenye ramani ya Afrika niliyoichora sakafuni kwa chaki. Kijana mmoja mwenye maneno mengi nikamfanya Carl Peters, yule Mjerumani aliyezunguka na mikataba ya kusainisha machifu. Waliobaki, 47, wakawa Afrika. Na kwa kuwa Afrika haikualikwa Berlin, nikawatoa nje. Hapo nilijiona fundi kweli kweli.

Ndani mambo yakanoga. Bismarck, yaani Chansela wa Ujerumani mwenye mkutano, alikuwa binti mpole ambaye tangu nifike sijawahi kumsikia akijibu swali; sasa alikuwa anagonga meza kwa kifutio na kufokea mataifa. Ureno na Ubelgiji walishikana mashati kwenye mdomo wa mto Kongo mpaka mto wenyewe ukafutika kwa magoti. Mkufunzi anatabasamu, anaandika. Nikamtuma Carl Peters nje na karatasi akatafute machifu wa kutia saini, kama alivyofanya mwenyewe Novemba na Desemba 1884, wenzake wakiwa bado mezani Berlin. Kule Usagara, Tanzania ya leo, ndiko chifu Mangungo wa Msovero alikosaini bila kujua anaitoa nchi yake.

Sikujua kwamba Mkuu wa Shule alikuwa anapita.

"Nyie, mnafanya nini nje saa ya kipindi?"

"Shikamoo Mkuu. Sisi ni Afrika, hatujaalikwa."

Mkuu yule hajibiwi hivyo. Dakika tano hazikupita, bara zima lilikuwa na mafyekeo mkononi, linafyeka nyasi nyuma ya vyoo.

Carl Peters kutoka nje, hakuna chifu hata mmoja. Yuko Mkuu tu. Sijui yule kijana alipata wapi akili hiyo: akampa karatasi kwa mikono miwili, kichwa chini, "Mkuu, Mwalimu anaomba saini." Mkuu anasaini ruhusa za hospitali na maombi ya chaki kutwa nzima. Akasaini. Kisha, kwa wema wake, akaingia ofisini akaipiga na mhuri.

Carl Peters akarudi mbio, akamkabidhi mkufunzi badala yangu. Mkufunzi akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mimi, Chifu wa Usagara, nimempa Dokta Peters nchi yangu yote, watu wake na mifugo yake, milele." Chini yake saini ya Mkuu, na mhuri wa bluu, umekolea, tarehe inasomeka vizuri.

"Mangungo wa Msovero," Ufaransa akanong'ona. Darasa likapasuka.

Mkuu alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuniuliza habari za wanafunzi wanaojiita Afrika. Akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaanza kuikunja aitie mfukoni.

"Samahani Mkuu," Carl Peters akasema, "hiyo ni ya kwangu. Imeandikwa milele."

Alipewa fyekeo kubwa kuliko la wote.