Sikulewa, Nilivaa Kanzu ya Shemeji

Nyinyi mlioiona ile video ya sekunde 11 kwenye statasi ya rafiki yangu mpiga tarumbeta, yenye maneno "malenga wa Mombasa kazidiwa na waragi", hebu kaeni kitako. Nilikuwa nimekunywa soda ya tangawizi. Moja. Na aliyeninunulia ni yeye.

Ilikuwa ile jioni ya kufunga mwaka, uani kwa watu huko Muyenga, Kampala, muziki wa majaribio na ushairi wa jukwaani. Majaribio ya nini, msiniulize. Kabla yangu jamaa alikwaruza masufuria kwa upinde wa fidla mpaka meno yakaniuma, na watu wamefumba macho kama wako kwenye dua. Akafuata dada aliyeghani kwa mlio wa bodaboda inayokataa kuwaka. Huyo alikuwa hodari, sina neno. Mimi na tarbia zangu, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, nikajiona nimekuja kuonyesha watu kazi. (Tangu serikali ya Uganda iamue mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, mtaani kwangu Kampala naitwa mwalimu. Kichwa kimevimba, nakiri.)

Nguo: kanzu ya Kiganda ya shemeji yangu, nyeupe pee, nakshi ya damu ya mzee kifuani. Shemeji ni mrefu. Mimi si mrefu.

Mpango ulikuwa nighani ubeti, wapiga amadinda watatu wanijibu. Kwa asiyeyajua, ni vibao 12 vizito vya mti, vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba vilivyokatwa siku hiyo hiyo. Vijiti vinavitenganisha, lakini havifungwi. Shikeni hapo.

Taa zikazimwa, ikabaki moja nyekundu. Nikaambiwa nitokee nyuma, polepole, "kama mzimu". Nikatokea kama mzimu. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, mguu wa kulia ukakanyaga pindo la kanzu. Ya tatu ilikuwa ya mguu wa kushoto peke yake, nao ukatua juu ya kigogo cha mgomba. Mmewahi kukanyaga mgomba mbichi? Ni sabuni yenye mizizi. Nikauona mguu wangu unaondoka bila mimi. Mpigaji wa kwanza akainua macho, akajivuta pembeni taratibu, kwa adabu kabisa, kama anayempisha mzee kwenye matatu. Nikakaa katikati ya amadinda. Vibao vikaruka, vikaanza kurudi kimoja kimoja: ko, ko, ki, ko. Cha mwisho kikangoja, sijui kilikuwa kinangoja nini, kisha kikanishukia utosini: ki!

Ndipo nikapiga ukelele: "Lo! Mama yangu nakufa!"

Kimya. Nyumbani nimeihesabu kwa vidole: lo, ma, ma, ya, ngu, na, ku, fa. Mizani nane, kipande kizima, hakuna kilichopungua. Ndiyo mstari safi kuliko yote niliyotunga mwaka huu.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama mmoja mstari wa mbele, pakiti ya nsenene, wale panzi wa kuliwa, mkononi, akasimama kabisa. Na kijana mmoja aliyekuwa akipiga muziki kwa kompyuta, Mungu anamwona, alikuwa anarekodi. Akanikata, akanizungusha, akanitilia ngoma chini: lo mama, lo mama, lo mama yangu nakufa. Watu wakacheza. Mpaka saa saba usiku nilikuwa bado nakufa.

Mengine mnayajua. Tarbia sikusoma. Video ikafika Mombasa kabla sijafika kitandani, mama akapiga alfajiri: "Kumbe ulikuwa wafa na hukunambia?"

Lakini utomvu wa mgomba, jamani! Umekauka makalioni rangi ya chai ya rangi. Nimetia ndimu, nimetia jiki, nimesoma na dua. Shemeji anaitaka kanzu yake Jumamosi, anasindikiza watu kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba ukweni, na leo ni Alhamisi. Mwenye kanzu ya mtu wa futi sita aje inboksi. Tarumbeta nitauza mimi, mwenyewe hajui bado.