Kyrie ya Kamina Haikuzaliwa Karatasini

Jumamosi iliyopita, katika mazoezi ya kwaya yetu ya parokia, kijana wa sauti ya tatu aliyepewa kuanzisha Kyrie, yaani "Bwana, utuhurumie", ya Missa Luba, Misa ya Kilatini inayoimbwa kwa mtindo wa Kikongo, aliivuta silabi ya mwisho, akaipandisha kidogo, kisha akaiachia ishuke taratibu kama mzee anayeketi baada ya safari ndefu. Sisi wa besi tuliokuwa nyuma yake tulinyamaza kabisa. Mwalimu akagonga stendi kwa penseli na kusema, "Hiyo haimo kwenye nota. Rudia kama ilivyoandikwa." Kijana akarudia kama ilivyoandikwa, nami tangu jioni ile sijatulia.

Misa hii iliimbwa kwa mara ya kwanza Kamina, huko Katanga, Kongo, tarehe 23 Machi 1958, na wavulana pamoja na walimu wao chini ya Guido Haazen, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji. Maneno yake ni ya Kilatini kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha ya Misa wakati ule. Lakini zaidi ya maneno hayo, hapakuwa na karatasi: kiongozi alianzisha, wenzake wakampokea, ngoma zikawabeba, na madoido ya sauti yakazaliwa papo hapo, vinywani mwao. Nota tunazotoa fotokopi leo ziliandikwa baadaye. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Watu wa Kamina walifungwa na maneno tu, wakaiacha sauti huru; sisi tumeichukua sauti ile ile na kuifunga, tena tukiamini kwamba tunaiheshimu.

Kyrie hiyo imefuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba, kwa namna inavyoimbwa upande wa Ngandanjika, Kasai. Anayeimba kasala humtaja marehemu, humtaja baba yake na ukoo wake, na wimbo hurefuka au kufupika kulingana na aliyelala pale mbele. Sisi kwetu hatuna kasala, lakini msiba tunaujua. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kushika karatasi ya solfa maishani mwake, akianzisha wimbo matangani hutazama kwanza nyuso za wafiwa, na nimemsikia akikaa juu ya neno moja mpaka mama mwenye msiba apate pumzi ya kulia. Nani angethubutu kumwambia arudie kama ilivyoandikwa? Na "Bwana, utuhurumie" ni kilio. Mtu anayemlilia Mungu kwa kuhesabu midundo aliyopangiwa na mwingine anasoma kilio cha mtu mwingine.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila santuri na bila nota kazi hii isingetufikia, na kwamba kwaya ya watu arobaini haiwezi kuachiwa kila mmoja aende njia yake. Sauti za kuitikia na zipangwe, wala sina neno. Hosanna nayo ina mdundo wa ngoma ya Kasai, na kuiimba tukiwa tumesimama wima kama nguzo ni kosa jingine ambalo leo sitalifungulia mjadala.

Wakubwa wa Kanisa wenyewe waliliona jambo hili. Mwaka 1963, miaka mitano baada ya Kamina, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Sioni jinsi agizo hilo linavyotimizwa na kwaya ya Kiafrika inayomkataza mwimbaji wake asiimbe Kiafrika wimbo wa Kiafrika.

Juzi nilimwendea mwalimu baada ya Misa ya pili. Nilimwomba kitu kimoja tu: Jumapili tutakapoimba, mistari ya kiongozi katika Kyrie aachiwe kijana, bila karatasi mkononi, nasi wengine tumpokee popote atakapotufikisha. Alizikunja nota zake, akaziweka mkobani, akasema atafikiria. Mazoezi ya mwisho ni Alhamisi.