Mama mdogo na mkopo wake

Huku ughaibuni, mtu akikaribia miaka 60 mazungumzo yake hubadilika. Jirani yangu, fundi umeme, ujanani alikuwa akiacha kazi na kutafuta nyingine bila wasiwasi. Siku hizi hanunui hata baiskeli kabla ya kusoma masharti ya bima. Akiba yake ya uzeeni ameitoa kwenye hisa akaipeleka kwenye hatifungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, kama washauri wa fedha wanavyowaelekeza watu wa umri wake: soko likiporomoka ukiwa umebakiza miaka michache kazini, huna muda wa kusubiri linyanyuke. Namwelewa kabisa.

Nikipiga simu nyumbani, mama mdogo, ambaye ni mkubwa kuliko jirani huyo, ananisimulia alivyokopa kununua mashine ya kusaga. Mashine yenyewe kuukuu, inanguruma kiasi kwamba tunasikizana kwa taabu, na dhamana ya mkopo ni kiwanja chake. Nikamuuliza, ikiharibika je? "Na nikikaa tu, mwanangu, nitakula nini?"

Wenzangu wengi wa huku husema wazee wetu ni majasiri kwa asili. Sikubaliani nao. Mwaka 2016 watafiti Rui Mata, Anika Josef na Ralph Hertwig walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu wa nchi 77. Kwa jumla, kadiri umri unavyosonga ndivyo hamu ya kujitosa kwenye mambo ya hatari inavyopungua. Ila katika nchi zenye maisha magumu, inapungua kidogo tu. Mwenye pensheni ana cha kulinda. Asiye nayo, hata kutulia kwake ni kamari.

Ndiyo maana inaniuma tukiwakemea kwa simu: "Pumzika sasa, achana na mikopo." Sisi tuliondoka vijana, hatukuwa na cha kupoteza, tukasifiwa kwa kuthubutu. Leo tuna mikataba ya kazi na bima ya afya, na safari ya kurudi tunaiahirisha kila mwaka. Umri umechangia, sikatai, lakini zaidi ni hivi tulivyovipata. Ukimwambia mzee apumzike, mwambie pia nani atalipia mapumziko hayo.

Mama mdogo nimemwambia mkopo aulipe mwenyewe, bima yake ya afya nitailipa mimi, na vipuri vikihitajika tusaidiane, ili kiwanja kisiguswe. La bima amekubali. La vipuri anasema tutaongea.