Ulanzi wa Asubuhi

Wiki iliyopita nilimsindikiza kaka yangu kwenye hema la kuchangia damu hapa Iringa mjini, naye akiwa na kadi yake ya mchangiaji yenye mihuri tisa, yote iliyogongwa kabla hajagunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Alipoketi, mkono wake wa kulia uliokuwa umelala pajani ukaanza kazi yake ya kila siku, kidole gumba kikizunguka juu ya cha shahada kama cha mtu anayesokota uzi. Mhudumu akautazama, akacheka: "Baba, ulanzi wa leo umewahi sana, nenda ukalale kwanza." Kaka yangu hajaonja ulanzi, hiyo pombe ya mianzi, tangu abatizwe.

Nilipomweleza kuwa ni ugonjwa, kicheko kiligeuka hofu: basi damu hiyo, alisema, itamwambukiza mgonjwa atakayeongezewa. Hapo uvumilivu wangu ulikwisha. Ugonjwa huu, ambao daktari James Parkinson aliuelezea huko London mwaka 1817, unatokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Watafiti wa Sweden na Denmark waliochunguza kumbukumbu za watu zaidi ya 1,400,000 walioongezewa damu kati ya mwaka 1968 na 2012 walitoa matokeo yao mwaka 2016: waliopewa damu ya wachangiaji waliokuja kubainika kuwa na Parkinson hawakuupata ugonjwa huo zaidi kuliko wengine. Damu yetu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, pamoja na kaswende. Sijui ni kipimo kipi kati ya hivyo kinachosomwa kwa kutazama kidole gumba.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ugonjwa huu na dawa zake, levodopa ikiwamo, huweza kushusha presha mtu anaposimama, na kumtoa mtu wa namna hiyo karibu nusu lita ya damu kunaweza kumwangusha. Laiti mhudumu angempima akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, halafu akasema, "Baba, kwa usalama wako leo haiwezekani," ningemshukuru na tungekwenda zetu. Hata suala la sindano ni dogo, kwa kuwa mkono wake wa kushoto bado umetulia.

Mashine ya presha ilikuwa mezani muda wote, mkanda wake umekunjwa vizuri, na hakuna aliyeigusa. Tulirudi Kihesa kwa miguu, mvua ikitunyeshea, kaka akiikinga ile kadi ndani ya koti.