Mwenyekiti Hapatikani kwa Sasa

Nyumba nyingi za Isamilo zimekaa juu ya mawe. Hii imekaa ndani yake: ukuta wa nyuma wa chumba cha wageni ni jabale lenyewe, limepakwa rangi likaachwa hapo hapo. Fundi wa neti akiingia nyumba za Mwanza za namna hiyo anaangalia kuta kwanza, ruta baadaye. Jabale la unene ule halipitishi wifi. Linapitisha lawama tu.

Aliyenipigia ni Mama Kulwa. "Fundi, tumenunua meshi, ile wifi ya vituo vitatu vinavyoshirikiana mtandao mmoja, na bado simu zinakata. Ukikaa sebuleni, safi. Ukikaa barazani, safi. Ukitembea kutoka huku kwenda kule, imekwenda." Akashusha sauti. "Na anayekatikiwa sana ni Baba Kulwa. Siku za kikao."

Kikao chenyewe kilikuwa cha harusi ya mtoto wa kaka yake, kinafanyika jioni kwa WhatsApp kwa sababu ndugu wametawanyika Geita, Shinyanga na Dar. Baba Kulwa mwenyekiti, Mama Kulwa mhazini. Mzee ana tabia ya kuinuka pale ajenda inapofika kwenye ahadi za michango. Anasema anakwenda barazani kupata upepo wa ziwa. Anapita koridoni akisema, "Mimi kama mwenyekiti, natoa…" na hapo hapo picha inaganda mdomo wazi. Anarudi hewani watu wameshahamia kwenye ukumbi na muziki. Katibu, mtu makini, alikuwa anaandika kwenye muhtasari: "Mwenyekiti: ahadi haikusikika."

"Ni mtandao," Baba Kulwa akaniambia hata kabla sijaweka begi chini. "Waeleze wakuelewe. Ni mtandao."

Na kweli ulikuwa mtandao, jambo lililomshangaza mhazini kuliko mtu yeyote.

Nikamwomba Mzee afungue taarifa za wifi kwenye simu yake akiwa sebuleni. Anwani ya IP, ile namba ambayo ruta huigawia kila kifaa, ilikuwa inaanza na 192.168.68. Tukatembea hadi barazani, akafungua tena: 192.168.1. Jina la wifi lile lile, paswedi ile ile, anwani ya ukoo mwingine kabisa. Ukiona namba tatu za mwanzo zimebadilika ndani ya nyumba moja, acha kuzunguka na vipimo, umeshampata mchawi.

Mchawi alikuwa ruta kuukuu juu ya kabati la barazani, nyuma ya picha ya mahafali. Mpwa mmoja aliiweka likizo, akaichomeka kwa kebo kutoka kituo kikuu, akaipa jina na paswedi ya meshi "ili zishirikiane". Jina halishirikishi kitu. Ile ruta ilikuwa bado katika hali ya ruta, inagawa anwani zake yenyewe. Kwa simu, zile mbili zilikuwa kama Kulwa na Doto wakivaa sare: inamwacha mmoja, inamshika mwingine, inaanza kumsimulia habari asizozijua. Anwani inabadilika katikati ya sentensi, WhatsApp inahangaika kuunganisha upya, na data ya simu Mzee huwa ameizima kwa sababu "inakula bando". Hakuna pa kuegemea.

Ruta ya aina hiyo mtu anaweza kuitumia bila ugomvi: unaigeuza kuwa akses pointi, yaani kituo kinachorusha wifi tu bila kugawa anwani. Kama haina hali hiyo, unazima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani, unaipa anwani isiyogongana, mfano 192.168.68.2, ukihakikisha kituo kikuu hakimgawii mtu mwingine namba hiyo, kisha kebo unaichomeka kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, si la WAN, la kuingizia intaneti. Simu ikihama, anwani inabaki ile ile. Lakini haitaongea lugha ya meshi, yaani 802.11k na v, zile zinazoiambia simu vituo jirani ni vipi na lini ni busara kuhama. Mimi niliitoa. Mama Kulwa akaiweka kwenye mfuko wa rambo, akaandika juu: "Ya mpwa".

Kebo yake, hata hivyo, ilikuwa dhahabu. Maana kituo cha pili cha meshi walikuwa wamekiweka chumba cha wageni, ubavuni mwa jabale, ambako kilikuwa kinakisikia kituo kikuu kwa -82 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikizidi kwenda chini ya sifuri, mawimbi yanazidi kufifia. Simu ikikaribia inaona vijiti vimejaa, inahamia, halafu data haitembei. Watu hupenda kuweka kituo mahali ambapo mtandao umekufa, matokeo yake kinasambaza msiba. Kituo kinakaa pale ambapo mtandao bado mzima, kama -60 hivi, ndipo kiusukume mbele. Nikakihamishia barazani kwenye ile kebo. Chumba cha wageni kikabaki na vijiti viwili. Mama Kulwa akasema vinatosha, wageni wasije wakajisahau.

Cha tatu, cha banda la uani, kilikuwa na kesi yake. Watoto waliapa kwamba maji yakikatika, neti inakuwa nzuri. Hawakukosea. Kati ya nyumba na banda kuna simtanki la lita 2,000 kwenye mnara, na maji hunyonya mawimbi ya wifi. Tanki tupu ni plastiki tu. Nikasogeza kituo mita moja na nusu, kikaona dirisha la jiko bila kupitia tangini.

Ikabaki simu yenyewe. Kwenye meshi, anayeamua kuhama ni simu, na simu nyingine zina udhaifu wa kung'ang'ania kituo cha zamani. iPhone ya Mzee huanza kutafuta kituo kingine ikishuka chini ya -70 dBm, na ikiwa kwenye maongezi inataka kituo kipya kiwe bora kwa desibeli 8 au zaidi. Vituo vikipiga kelele kwa nguvu zote, simu haifiki -70, inabaki na cha mbali. Nikapunguza nguvu za bendi ya 2.4 GHz, ile inayofika mbali, upana wa chaneli yake nikauweka MHz 20, nikawasha k na v. 802.11r, inayoharakisha simu kuhama kituo, nikaiwasha, nikaizima: televisheni ya sebuleni ilikataa kuingia kabisa, na taarifa ya habari ilikuwa karibu.

Mwisho, kila simu ikasahau wifi na kuingia upya.

Kikao kikaanza saa mbili usiku. Ajenda ya ahadi ilipofika, Mzee akainuka kwa mazoea. Koridoni: "Mimi kama mwenyekiti, natoa…" Kimya. Picha ikaendelea kucheza. Sauti ya katibu ikatoka safi kabisa: "Tunakusikia vizuri sana, mwenyekiti, endelea."

Baba Kulwa akafika barazani. Akaangalia ziwa. Akaniangalia mimi.

"Laki tano."

Kalamu ya Mama Kulwa ilishafika kwenye sifuri ya mwisho.

Mzee akanisindikiza hadi getini mwenyewe, heshima kubwa. Akauliza kwa upole kama simu moja inaweza kuzuiwa isihame. Nikamwambia baadhi ya meshi zina swichi hiyo kwa kila kifaa. Inafaa kamera na televisheni, vitu visivyotembea. Ukiiweka kwenye simu, itang'ang'ania kituo cha sebuleni mpaka mawimbi yaishe.

"Halafu?"

"Halafu inakata, Mzee."

"Koridoni?"

"Pale pale."

Akatikisa kichwa taratibu, akauliza swichi inapatikana wapi. Nikamjibu: kwenye programu ya meshi, ukurasa wa vifaa, na paswedi ya programu anayo mhazini.