Kupima protini ya kondo la nyuma Bukavu: jibu la maabara lina uzito gani?

Hospitali ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, inayofikiria kuanza kupima PlGF, protini ya ukuaji inayotolewa na kondo la nyuma, inakabiliwa na hoja mbili ambazo hakuna hata moja ya kupuuzwa. Katika priiklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba, protini hiyo hupungua katika damu ya mama huku sFlt-1, protini nyingine inayoizuia kufanya kazi, ikiongezeka, na mara nyingi mabadiliko hayo huanza kabla shinikizo la damu halijapanda.

Wanaokitetea kipimo hiki wana ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mama anayeshukiwa kuwa na priiklampsia, ambaye uwiano wake wa sFlt-1 kwa PlGF hauzidi 38, anaweza kuondolewa shaka kwa wiki moja inayofuata, na majibu ya namna hiyo yalikuwa sahihi kwa asilimia 99.3. Kwa mama aliyetoka Kalehe au Walungu, ambaye familia yake inalipia kila siku ya kitanda, ruhusa ya kurudi nyumbani si jambo dogo. Hata hivyo, utafiti huohuo (na hapa watetezi hupita haraka) ulionyesha kwamba, kati ya waliozidi 38, asilimia 36.7 tu ndio waliougua ndani ya wiki nne. Kipimo hiki, basi, kinafaa zaidi kuondoa hofu kuliko kuthibitisha ugonjwa.

Wanaosita huanzia maabara. ELISA ya kawaida, njia ya kupima protini kwa kutumia kingamwili, hufanyika kwenye sahani yenye vishimo 96: kingamwili iliyobandikwa kwenye kishimo hunasa protini, kingamwili ya pili yenye kimeng'enya huishika kwa upande mwingine, kisha mashine husoma ukolezi wa rangi inayotokea. Vishimo kadhaa lazima viachiwe sampuli za kulinganishia, ambazo kiasi chake kinajulikana tayari. Kutumia sahani nzima kwa mgonjwa mmoja ni hasara, ilhali kungoja sampuli nyingine ni kumchelewesha mama anayehitaji uamuzi leo. Mashine zinazojiendesha hupima mgonjwa mmoja mmoja, ila hudai vitendanishi vya mtengenezaji wake, jokofu na umeme usiokatika.

Kwangu mimi, hoja nzito zaidi ni sampuli yenyewe. VEGF, protini ya jamii moja na PlGF, huonekana nyingi zaidi katika seramu (majimaji ya damu iliyoachwa igande) kuliko katika plazma (ya damu iliyozuiwa kuganda), kwa sababu chembe sahani huimwaga damu inapoganda. Aina ya mrija wa kukusanyia damu, unaoiacha igande au unaoizuia, peke yake inaweza kubadilisha jibu. Majibu ya mashine tofauti nayo hayalinganishwi moja kwa moja, kwa hiyo 38 si mpaka wa kila maabara. Tena malaria ya kondo imehusishwa na ongezeko la sFlt-1 kwa wenye mimba ya kwanza, jambo lisilopuuzika kwa wanaotoka tambarare ya Ruzizi.

Naona fedha za kwanza ziende kwenye mashine za shinikizo la damu, vijiti vya kupimia mkojo na magnesiamu salfeti, dawa ambayo utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa takriban nusu. PlGF ipimwe katika maabara moja ya rufaa, kwa akina mama wenye dalili zisizo wazi tu, na kila jibu liandikwe aina ya mashine, aina ya mrija na saa damu ilipotolewa. Likikosa mojawapo, daktari wa zamu awe na haki ya kulirudisha.