Klasi ya Wote Isibadilishwe na Mmoja

Katika programu inayoandikwa na watu wengi, sioni sababu ya kutosha ya mtu mmoja kubadilisha methodi (vitendo ambavyo kitu kinajua kufanya) za klasi (aina za vitu, kama namba au maandishi) zilizokuja na lugha yenyewe ya kuandikia programu. Ruby inaruhusu jambo hilo, na JavaScript vilevile, lakini wenzako hawajaulizwa.

Tuchukue programu ya chama cha ushirika cha maziwa hapa Nakuru, iliyoandikwa kwa Ruby. Katika lugha hiyo, 7 ikigawanywa kwa 2 hutoa 3, kwa kuwa namba nzima zikigawanywa jibu hubaki namba nzima. Anayeshughulikia malipo ya wafugaji anataka 3.5, basi anaiandika upya methodi ya kugawanya ndani ya klasi ya Integer, yaani ya namba nzima, anajaribu sehemu yake, anaona senti zimekaa sawa, anaenda zake nyumbani. Asichokiona ni kwamba klasi hiyo ni moja kwa programu nzima: anayepanga kurasa za ripoti, na hata maktaba (misimbo ya tayari inayoazimwa na programu) zilizoandikwa na watu wasiowahi kuisikia Nakuru, wote sasa wanapata desimali. Ripoti ndiyo itakayoharibika, na aliyeiandika ndiye atakayekesha akipekua mistari isiyo na kosa lolote. Na haya yote ilhali Ruby ina methodi ya fdiv kwa kazi hiyohiyo!

Wala sijatia chumvi. Ruby yenyewe iliwahi kuja na maktaba ya mathn, ambayo ukiiita tu hubadilisha ugawanyaji kila mahali. Iliondolewa katika toleo la 2.5. Kwa upande wa JavaScript, mwaka 2018 pendekezo la kuongeza methodi ya flatten kwenye safu (orodha ya thamani) lilikwama kwa sababu maktaba ya zamani ya MooTools ilikuwa imeweka ya kwake yenye jina hilo, na tovuti zinazoitegemea zingevunjika. Ndiyo maana leo methodi hiyo tunaiandika flat.

Kuongeza methodi sanifu ambayo kivinjari kikuukuu hakina, baada ya kuhakikisha haipo, nakubali. Ruby nayo ina refinements tangu toleo la 2.0 la mwaka 2013, zinazofunga badiliko ndani ya faili lililoliomba. Python imekaza zaidi: ukijaribu kuibadilisha klasi ya str, yaani ya maandishi, inakukatalia.

Nikiletewa msimbo wa kukagua, nikakuta mstari unaofungua Integer au String (klasi ya maandishi ya Ruby) ili kuibadilisha, humrudishia mwenyewe hata kama majaribio yote yamepita, nikimwomba aiweke methodi hiyo katika moduli yake, yaani fungu lake la msimbo, na kwa jina lake.